Kiti cha Nyuma cha Mjerumani

Jumanne, mwezi ishirini na tatu Mfungo Tano, asubuhi, mume wangu alinifia majini, baina ya Likoni na kisiwani, akiwa amekaa kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa pale.

Sitii chumvi. Gari lile aliliendesha tangu binti yetu hajazaliwa mpaka binti yetu akachumbiwa, na muda wote huo hakukaa popote ila nyuma ya usukani. Hata likiwa limesimama uani, mvua inanyesha, naye yumo ndani anasikiliza redio, alikaa mbele. Nikimwuliza kwa nini hajinyooshi nyuma, alinijibu, "Kule ni kwa wenyewe."

Gari lilikuwa la Kijerumani, lile lenye nyota ya ncha tatu puani, rangi ya maziwa. Watu waliotoka bara waliliita kwa jina la kiwandani. Kwetu mtaani liliitwa Mjerumani, na kwa kuwa jina ni la mtu, likachukuliwa kama mtu. Watu hawakusema gari limefika, walisema Mjerumani amefika. Mume wangu naye alikuwa akisema, "Leo Mjerumani anakohoa," au, "Mjerumani hataki kuamka." Nami nikazoea kusema hivyo hivyo. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu lilikuja kunifika.

Hakulinunua. Alikuwa dereva wa bwana mmoja wa kisiwani, mtu mzima aliyekuwa akiuza chai nchi za nje, na gari lilikuwa la bwana huyo. Mzee yule alipenda hadithi, na wanawe walikuwa wamehamia Ulaya, basi aliyebaki wa kumsimulia ni dereva. Kila alichokijua mume wangu juu ya magari yale alikipokea kwa kisogo, macho yake yako barabarani. Jioni alinisimulia mimi, nikikuna nazi.

Alinisimulia kwamba jina ambalo magari yale yanaitwa duniani ni jina la msichana. Zamani kulikuwa na tajiri mmoja mwuza magari, akawaambia wa kiwandani kuwa atanunua mengi, ila yaitwe kwa jina la binti yake. Wakakubali. "Msichana mwenyewe alikwisha kufa zamani," mume wangu akasema, "na jina lake mpaka leo lapigiwa honi."

Alinisimulia pia juu ya mke wa mmoja wa walioanzisha kazi ile, gari lilipokuwa bado ni kitu cha kuchekwa. Mwanamke yule aliondoka alfajiri na wanawe wawili, bila kumwambia mumewe, akaliendesha mpaka kwa mamake, mji wa mbali. Mafuta yalipomwishia njiani akanunua kwa mwuza dawa. Hadithi hii aliirudia mara nyingi kwa sababu alitaka nijifunze kuendesha.

"Mwanamke ndiye aliyetangulia," alikuwa akiniambia. "Wewe waogopa nini?"

"Huyo alikuwa akienda kwa mamake, mbali. Mamangu mimi yuko hapo nyuma ya msikiti. Nitakwenda kwa miguu."

Na ile nyota, alisema, ncha zake ni nchi kavu, majini na hewani, kwa kuwa mashine zao ziliundwa kwa huko kote. "Nchi kavu tumeipata," akasema. "Majini twapita kila siku kwa feri. Hewani tutakwenda tukifa." Nilicheka. Siku hizo lilikuwa neno la kuchekesha.

Yule mzee alipofuatwa na wanawe wamchukue, hakuweza kwenda na gari. Akampa mume wangu ufunguo na karatasi zake, akamwambia, "Umekaa nalo kuliko mimi." Jioni hiyo Mjerumani alilala Likoni, chini ya banda la makuti alilojengewa haraka, na kuku wakapanda juu yake. Jirani yetu mvuvi akaja kutazama.

"Mashaallah, bwana mkubwa. Na leo kwako chakula ni nini, biriani?"

"Muhogo," akajibu mume wangu.

"Wa nazi au wa chumvi?"

"Wa chumvi."

"Basi mpe na Mjerumani, asilale njaa mgeni wa watu."

Mama mkwe wangu, ambaye twaishi naye, hakulipanda hata mara moja. Babu yake alichukuliwa na Wajerumani wakati wa vita, huko upande wa Vanga, abebe mizigo, na hakurudi. Kwake yeye neno lile halikuwa jina la gari. "Jarumani akikutukua harudishi," alikuwa akisema kwa lugha yake ya zamani. Mume wangu akamweleza kuwa hili ni gari tu, mama, ni bati na matairi. "Ndiyo, babangu," akajibu, maana ndivyo alivyomwita mwanawe, "sasa ana na matairi ya kunitukulia." Wakati ule macho yake yalikuwa bado yanaona. Sasa hayaoni, na watu awajua kwa sauti na kwa harufu.

Gari kama lile kwa watu kama sisi ni kama kuweka mgeni wa heshima ambaye haondoki. Halikuwa na haraka ya kuharibika, lakini likiharibika, kitu chake hakipatikani Likoni. Alikwenda Changamwe, kwa mafundi wanaochinja magari mabovu, akazunguka mpaka apate lililofanana na lake, akarudi na chuma kilichofungwa gazeti kama nyama. Nyota iliibiwa alipoegesha sokoni. Akatafuta nyingine Changamwe, nayo ikaibiwa. Vijana wa pale kivukoni wakawa wamwita, "Mzee, nyota yako imezama?" Ya tatu hakuiacha tena nje. Niliiweka mimi, sandukuni, ndani ya leso, ikitolewa siku za harusi tu.

Lakini ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kutozimika. Gari la dizeli la namna ile huzimwa kwa upepo unaonyonywa ndani ya mipira myembamba, na mipira ya upepo huo huo ndiyo inayofunga milango. Mipira ilizeeka ikavuja. Ukigeuza ufunguo, ukautoa, ukautia mfukoni, mashine yaendelea kunguruma. Na gia zake zajibadilisha zenyewe, kwa hiyo huwezi hata kulinyonga kwa gia. Dawa ni moja: wafungua boneti, juu ya mashine kuna kijikono chekundu mfano wa ulimi, ukikandamize mpaka mashine ikate roho. Mume wangu aliiziba ile mipira kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ikavuja tena, mwisho akachoka. Ikawa akifika hutoa ufunguo, hufungua boneti, huzima kwa mkono, na mkono ule haukuisha kunuka dizeli. Nyumbani kuzima huko tukakuita kumfunga ulimi. Nikiwa jikoni namsikia Mjerumani ananguruma uani, nilimwambia mume wangu, "Mfunge ulimi huyo, mama amelala."

Kazi yake Mjerumani kwetu ilikuwa kupeleka mabibi harusi. Kuanzia Shika Adabu mpaka Mtongwe, ukiuliza nani alikupeleka kwa mumeo, wengi watakwambia ni yeye. Mume wangu alikuwa na desturi yake. Bibi harusi akishaingia nyuma, alikigeuza kile kioo cha ndani kitazame juu, ili msichana alie atakavyo bila kuonwa. Barabara aliifuata kwa vioo vya pembeni. Nilipata kumwambia kuwa polisi watamkamata. Akasema, "Polisi naye ana binti."

Na alikuwa na neno lake, alilolisema mbele yangu na mbele ya binti yetu na mbele ya kila aliyepita: "Hawa wote ni wa watu. Wangu nitampeleka mwenyewe, na kioo sikigeuzi. Nataka nimwone." Binti yetu alikuwa bado mdogo, anaosha magurudumu, akimwambia, "Baba, mimi siolewi." Baadaye akachumbiwa na kijana wa Kisauni aliyekuwa akifanya kazi Ghuba, na babake akaanza kuitengeneza ngozi ya viti kwa mafuta ya nazi. Alichobakisha duniani kilikuwa hicho, kumwona mwanawe katika kioo kile kutoka Likoni mpaka Kisauni.

Asubuhi ile ya Jumanne alishindwa kuvuta pumzi. Kwenye zahanati ya mtaani wakatuambia tumvushe, apelekwe hospitali kubwa. Tukamwita ndugu yake mdogo aje aendeshe. Mume wangu alitoka akishikwa mkono, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa dereva, akaushika.

"Kaka, leo nyuma," shemeji akamwambia.

Akasimama pale. Nilidhani hakusikia. Kisha akauacha mlango, akazunguka. Mimi nikakaa ubavuni pake, binti yetu akakaa mbele.

Kivukoni walipomwona hali yake walitupitisha mbele ya magari yote. Lakini feri ilikuwa upande wa pili, na feri haivutwi kwa mkono. Tukangoja. Ilipofika tukaingia, ikaondoka, watu wakasimama kuzunguka gari kama kawaida, mmoja anauza njugu. Mume wangu alikuwa akipapasa ngozi ya kiti kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Kumbe ndivyo wanavyokaa," akasema.

Hakuniambia mimi. Nikamwambia apumzike. Kichwa chake kikaja begani kwangu, kizito. Nikamlakinia shahada sikioni, na mpaka leo sijui kama aliisikia. Binti yangu akageuka kutuuliza kama tunataka kioo kishushwe, na hakugeuka tena mbele mpaka tukafika.

Hospitali walimpokea, wakamtazama, daktari akanitazama mimi. Sikulia. Niliambiwa nikae kwenye benchi karibu na dirisha, nikakaa. Nje, Mjerumani alikuwa ananguruma. Ndicho kitu pekee nilichokisikia, na nilikuwa nimekikasirikia kuliko nilivyowahi kukasirikia kitu. Shemeji akaja akasimama mbele yangu, ufunguo uko mkononi, machozi yamtiririka.

"Nifanye nini, shemeji?"

Nikadhani aniuliza juu ya gari. Nikamjibu kama tunavyosema nyumbani:

"Mfunge ulimi."

Alinitazama kidogo. Kisha akachukua leso iliyokuwa begani pangu, akaingia ndani. Nilipoinuka kumfuata nilimkuta amemwinamia kaka yake, anamfunga taya, leso imepitishwa chini ya kidevu na kuletwa utosini, na amekaza fundo mno mpaka midomo imejikunja. Muuguzi alikuwa akimwambia, "Polepole, baba, polepole." Ningeweza kumwambia kuwa sikukusudia hivyo. Lakini maiti hufungwa taya, na yeye alikuwa ndugu yake, na alichokifanya kilikuwa sawa. Mpaka leo hajui. Gari lilinguruma uani kwa watu mpaka mzee mmoja, dereva wa hapo, akafungua boneti akalizima. Aliyajua magari yale.

Tulimzika Likoni siku ile ile, baada ya Alasiri, nami nikaingia eda.

Kijana wa Kisauni alikuwa na likizo yake, na likizo ikiisha ni miaka. Wazee wakakaa, wakasema nikahi haiahirishwi kwa msiba, ila isiwe na ngoma. Ikapangwa mwisho wa Mfungo Nane, eda yangu haijaisha. Mimi sitoki, sijitii wanja wala manukato, na shemeji si maharimu wangu, kwa hiyo maneno yetu yote yalipita kwenye pazia la mlango.

"Shemeji," alisema kutoka upande wa pili, "marehemu alisema neno lake juu ya binti."

"Alisema."

"Basi nitaendesha mimi. Kila Ijumaa nitakuja kumwasha asife."

Na alikuja. Alimwasha, akamwacha angurume, akapekua chini ya boneti. Nilimweleza kwa pazia kijikono kilipo, chekundu, juu ya mashine, na alikipata, lakini kila mara baada ya kukitafuta. Mimi nilikuwa nimelishika jambo lile kwa mikono miwili. Nilijiambia kuwa mume wangu atakuwa ametimiziwa japo moja. Binti yangu sikumwuliza. Alikuwa mtulivu, ashona nguo zake, amwosha bibi yake miguu, na nilipotaja gari alijibu, "Abee, mama," akaendelea na kazi.

Siku yenyewe aliamka mapema akaenda uani na ndoo. Alikisugua kiti cha nyuma, akamwaga maji, akachota mengine, akasugua tena. Niliona kutoka mlangoni. Nilidhani anajitengenezea.

Nikahi ilisomwa msikitini baada ya Alasiri, shemeji ndiye aliyeozesha. Akarudi haraka, akaniita paziani: "Shemeji, nyota." Nikaitoa sandukuni, nikaipitisha chini ya pazia.

"Kioo usikigeuze," nikamwambia.

"Sikigeuzi."

Mjerumani akawashwa. Wanawake wa Kisauni wakaja kumchukua bibi harusi, pamoja na binamu wa bwana harusi na kigari chake kidogo cha Kijapani, cha kubebea mizigo ya bibi harusi. Mwanamke mmoja kigelegele kikamtoka, akajiziba mdomo. Wakatoka naye. Mimi nikasimama ndani ya mlango, mwisho wa ruhusa yangu. Shangazi yake akafungua mlango wa nyuma wa Mjerumani. Binti yangu akasimama.

"Ingia, mwanangu," shangazi akamwambia. "Bibi harusi hagombi na mlango. Buibui laingia vumbi."

"Siketi pale."

"Wasemaje?"

Akageukia kwangu. "Mama, siketi pale."

"Ni gari la babako," nikamwambia. "Na wajua alivyosema."

"Najua."

"Basi?"

"Nimekiosha tangu alfajiri. Nimekiosha, nimekiosha. Bado namwona."

Mashine ilikuwa ikinguruma na nyota ikitetemeka juu ya pua yake. Nilikuwa na neno moja ambalo lingemwingiza. Mtoto wa kwetu akiambiwa na mamake, siku ya ndoa yake, "Kwa radhi yangu, ingia," ataingia, hata kama ni motoni. Lilinifika mdomoni. Nilikuwa na hasira naye, sifichi. Nilimwona kama anayemnyima babake kitu cha mwisho. Nilimtazama usoni, hina imejaa mikononi, mkono mmoja umeshika ukingo wa mlango kama alivyoushika babake mlango wa mbele asubuhi ile.

"Nenda na lile jingine," nikasema.

Wakahamisha mizigo. Akaingia kwenye kigari cha Kijapani, akabanwa katikati ya wanawake wawili, masanduku magotini. Shemeji alikuwa walii wake na hakuweza kubaki. Akageuza ufunguo wa Mjerumani, akautoa, akautia mfukoni kwa mazoea ya watu wote, akakimbilia kiti cha mbele cha kigari. Wengine wakatangulia kwa miguu kuelekea kivukoni. Ua ukabaki mtupu, na Mjerumani ananguruma peke yake, mlango wa nyuma uko wazi.

Nilingoja kidogo, huenda shemeji akakumbuka akarudi. Hakurudi.

"Nani huyo hanyamazi?" mama mkwe akauliza kitandani kwake.

"Ni gari, mama."

"Mjukuu wangu ashaondoka?"

"Ameondoka."

"Na Jarumani?"

"Hakwenda naye."

"Mzime, aniondolee kelele," akasema.

Nikachungulia uani, hapakuwa na mwanamume. Nikatoka. Nikaufunga ule mlango wa nyuma. Kamba ya boneti iko chini ya usukani, kwa hiyo ilinibidi nikae kiti cha dereva. Nikaivuta. Kioo kilikuwa hakijageuzwa, na ndani yake palikuwa na kiti kitupu, bado kimelowa. Nikashuka, nikainua boneti kwa mabega, nikakiona kile kijikono chekundu mahali pake. Nilikikandamiza. Mashine ikatikisika, ikataka kuendelea, nikazidi kukandamiza kwa mikono yote miwili mpaka ikakata.

Nikaingia ndani kumpa mama mkwe maji, maana Magharibi ilikuwa imekaribia. Nilipomwinulia kikombe aliushika mkono wangu, akauleta puani, akaunusa unavyonuka dizeli, akatulia.

"Umerudi, babangu?" akauliza.

"Ni mimi, mama," nikamwambia.

Hakuuachia.